Uso wa Kupimia Wino

Kasese, Ijumaa jioni, Agosti 2017

Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya milima lakini mvua hainyeshi, na vumbi la paki ya teksi limeingia mpaka kwenye sukari. Nimerudi kutoka Bwera kichwa kinanigonga. Sijala na sitaki kula. Nina hasira, na hasira hii nimeibeba miaka minne nikiiita majonzi, kwa kuwa majonzi ndiyo watu wanayoyavumilia.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu. Wanafunzi wangu husema Kiswahili ni lugha ya maafande na wezi, na mimi ndiye mwalimu wao wa Kiswahili, basi nimeshazoea kudharauliwa na watoto wa watu. Faida ni moja tu. Wakwe wa dada yangu wanakiongea sokoni kutwa nzima, lakini kukisoma kilivyoandikwa kwenye vitabu, hawathubutu. Hapa naweza kusema.

Jana Mama Bwambale alinipigia simu. Huyu alikuwa mama mkwe wa dada yangu Masika. Masika tulimzika miaka minne iliyopita, homa ilimchukua akiwa bado kijana, akaacha binti mmoja, Joy, ambaye wakati ule hata kuongea vizuri alikuwa hajajua. Joy analelewa na huyo bibi yake kule Bwera. Baba yake, Bwambale, yuko Kongo na biashara zake za vitenge, na kumwona ni bahati.

"Biira," akaniambia, "ile foto ya mama Joy inaanza kukwisha. Jua imeikula. Weye ndiye uko na ya mwanzo, leta ingine. Na ikuwe kubwa kidogo."

Niliitikia, nikakata simu, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu. Kilikuwa kicheko kibaya.

Ile picha si ya mama Joy.

Ile picha ni yangu.

Masika alikuwa na studio ndogo Bwera, kwenye barabara ya kwenda mpakani: kamera ya dijitali, kompyuta, printa ya wino, na shuka jeupe ukutani. Sisi Bakonzo majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ina Masika wake, msichana wa kwanza, na Biira wake, wa pili. Lakini pale Bwera ukisema Masika wa foto, hakuna aliyeuliza yupi. Watu walivuka kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, waje wapigwe picha kwake, kwa sababu kwake mtu mweusi alitoka mtu, si kivuli chenye meno.

Hilo alijifunza mwenyewe, kwa ubishi wake. Aliniambia kwamba kamera haioni uso. Ndani yake kuna kipande kidogo kama ukucha, kimejaa vijishimo visivyohesabika, na kazi ya kila kijishimo ni kupokea mwanga na kutoa hesabu. Kikikutana na shuka jeupe, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza, na uso ulio mbele ya shuka unazama gizani. "Hawa walipimia nyuso za kwao," alikuwa akisema, akimaanisha waliovumbua. Basi yeye akawa anaongeza mwanga kwa mkono, kinyume na mashine ilivyotaka, mpaka paji la uso wa bibi wa Kikonzo likaonekana lilivyo, na mikunjo yake.

Akaniambia na jingine ambalo wakati ule lilinichekesha. Vijishimo vile havijui rangi. Kila kimoja kimefunikwa kioo cha rangi moja, chekundu au kijani au buluu, na rangi zilizobaki mashine inazikisia kwa kuangalia majirani wana nini. Sehemu kubwa ya rangi unazoziona kwenye picha ni makisio.

Sikujua kwamba siku moja nitakuwa jirani wa kukisiwa.

Printa nayo ilikuwa na maradhi yake. Inatema wino kwa vitone vidogo mno, kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Nimesoma kwamba mmoja wa wavumbuzi alikigusisha chuma cha moto na sindano ya wino kwa bahati mbaya, wino ukaruka, na hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Sawa, hongera zake. Lakini hakuna aliyemweleza habari za vumbi la Bwera. Usiku wino ulikauka, vitundu vikaziba, na asubuhi rangi moja ikagoma kutoka. Kwa hiyo kabla ya mteja wa kwanza Masika alichapisha karatasi ya majaribio. Wengine huchapisha mistari ya rangi. Yeye alichapisha uso wake.

Kwetu Masika ndiye aliyekuwa mweusi kuliko wote, weusi ule wa kung'aa, na alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya juu. Ile picha alijipiga mwenyewe, kamera kaiweka kwenye rafu, akakimbia kukaa kabla haijalia. Alisema uso wake ukitoka sawasawa, wa kila mtu utatoka sawasawa. Akishaiangalia anaitupa. Ikitoka na mistari anasafisha kichwa cha printa, anachapisha tena, anaitupa tena. Hakuweka hata moja. Kwake yeye kile kilikuwa kipimo cha kazi, kama mtu anayeonja chumvi kwenye kiganja.

Siku ya mazishi nilifika Bwera nikiwa sijitambui. Nilipenya katikati ya akina mama, nikafika mbele ya jeneza, nikajiona.

Nilikuwa pale ndani ya fremu, nina maua ya plastiki pembeni, na chini yangu maneno ya kuniombea nipumzike kwa amani.

Msimamizi alikuwa Baluku, kaka mkubwa wa Bwambale. Kwenye simu ya Masika alikuta picha zake chache alizopigwa na rafiki zake, giza tupu. Akafungua kompyuta ya studio. Uso wa kupimia ulikuwamo, lakini faili lake Masika alikuwa ameliita Wino, na nani angemtafuta marehemu humo? Akakuta picha ambayo Masika alinipiga nilipomaliza chuo cha ualimu, nimevaa gomesi yake, lile gauni refu la sherehe; nakala yake Masika alikuwa amenipa kwenye flashi. Akaichapisha. Nilipomshika shati nyuma ya nyumba, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, hata aibu hana.

"Dada, watu walikuwa banangoja. Ya simu iko giza. Hii inaonekana muzuri. Na si munafanana?"

Hatufanani. Hatukufanana kamwe. Mimi ni mweupe kidogo na mwanya sina. Baadaye nilisikia kwamba wanawake wa ukoo ule walimsifu marehemu, ati ametokea vizuri, amependeza kuliko alivyokuwa hai. Hilo lilinikata maini kuliko jeneza lenyewe. Nilitaka kuipindua ile fremu, shangazi yangu akanibana mkono akaniambia si leo. Mama yetu mzazi alipoiona alianza kulia upya, na mpaka leo sijui alikuwa anamlilia binti yupi.

Matanga hayajaisha, Baluku akaiuza ile kompyuta ng'ambo. Aliyeinunua alifuta kila kilichokuwamo. Wino nalo likaenda.

Kisha fremu ikatundikwa sebuleni kwa Mama Bwambale, na Joy akakulia chini yake. Alipoanza kujua kuulizauliza, mimi nikageuka tatizo. Mimi ni mama yake mdogo, ndivyo mtoto anavyomwita ndugu wa kike wa mama yake, lakini pale wamemfundisha aniite anti, ili neno mama lisikae karibu na uso huu. Nikienda kumwona naombwa nijifunge kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nimejifunga. Miaka yote hii najificha kama mwizi kwa sababu sura yangu imechukuliwa na marehemu.

Ndiyo maana nilicheka jana.

Leo nilikwenda mikono mitupu. Nilitaka kumwambia Mama Bwambale ana kwa ana kwamba sichapishi, na sikuwa na zaidi ya hapo. Nilipita kwanza kwa Hajati Zaina, mama wa mandazi, ambaye meza yake inatazamana na mlango uliokuwa wa studio. Siku hizi pale wanauza laini za simu. Hajati alinipa chai, nikamwambia kilichonileta.

"Foto ya Masika?" akasema. "Mimi nilikuwa nazo mingi kupita nyinyi wote. Kila asubui ananiletea makaratasi, ati Hajati, fungia mandazi. Sura ya dada yako imefika Kongo mpaka Beni, na mafuta."

Nikaweka kikombe mezani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba karatasi zinazotupwa huwa zinaokotwa na mtu. Nyuso zote zile za dada yangu, watu walikula, wakapangusia vidole, wakaziacha njiani. Mimi kwa miaka minne nilikuwa nikiomba nipate hata moja.

Hajati alinitazama, akaacha kucheka. Akavuta kasha la mbao anamoweka vikombe vyake, akavitoa, akabandua karatasi iliyotandikwa chini.

"Hii imebaki sababu haioni jua," akasema. "Chukua, mwanangu. Ni yako."

Ni Masika. Rangi ya majenta, ile nyekundu ya zambarau, iligoma asubuhi ile, kwa hiyo ni wa kijani kama jani la mgomba, na mistari miwili myeupe imempita kwenye paji la uso ambapo vitundu viliziba. Shavuni ana duara la kikombe. Anahema kidogo kwa kule kukimbilia kiti, mdomo wazi, mwanya wote nje, na macho yanaikagua kamera kama mtu anayemkagua fundi mvivu. Nililia pale pale mbele za watu wa soko. Hajati aliendelea kugeuza mandazi bila kuniangalia, na kwa hilo namshukuru.

Nikaenda kwa Mama Bwambale na kitambaa nimekitia mkobani.

Fremu inatazamana na dirisha. Jua lilikuwa limefanya kazi yake kweli. Baluku alitumia wino wa ovyo, na kwenye wino ule majenta ndiyo inayokimbia kwanza. Ikishakwenda zinabaki buluu na njano, na mtu anageuka kijani. Nilikuwa kijani pale ukutani. Nikatoa karatasi ya Hajati nikaishika chini ya fremu.

Kwa mara ya kwanza tulifanana.

"Hii nini?" Mama Bwambale akauliza. Nikamwambia ndiye Masika. Aliichukua, akaitazama, na najua alimtambua kwa sababu kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mwanya. Kisha akanirudishia.

"Hii iko takataka, Biira. Ona mistari. Nani anaweka mutu kama huyu mu salon ya wageni?"

Joy alikuwa ameingia. Amekuwa mrefu, meno ya juu yameota mapya, na yana mwanya. Akasogea mpaka kwenye karatasi. Aliitazama muda mrefu, ulimi ukiwa umejichomeka kwenye mwanya wake bila yeye kujua.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama yako," nikasema.

Akaangalia ukutani. Akaangalia karatasi. Akatikisa kichwa polepole, kama anayemsahihisha mgeni.

"Hapana, anti. Mama yangu ni ule."

Na alinyoosha kidole kwenye uso wangu, mimi nikiwa nimesimama chini yake bila kitambaa. Sikuweza. Kama kuna mwanamke anayeweza kusimama pale akanyamaza, namwachia sifa zake zote.

"Ule ni mimi, Joy."

Bibi yake alimwambia aende jikoni, mara mbili, kwa sauti kali. Mtoto alitoka kinyumenyume. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na majibu nilikuwa nayo tele, nimeyanoa miaka minne. Lakini Mama Bwambale alikaa tu, akashika tama.

"Mutoto alikuwa analia kila siku," akasema. "Anatafuta titi ya mamake. Nilimuonyesha ile foto, akanyamaza. Ningefanya nini? Sasa weye unataka azike mama mara ya pili?"

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba ana haki ya kuuliza. Ningependa awe mtu mbaya tu. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu asiyewahi kukesha na mjukuu anayelia.

Nilikwenda mlangoni kuvaa viatu. Joy alikuwa kwenye mlango wa jikoni, hakuja kuniaga. Alinitazama kama mtu anayemtazama maiti akivaa viatu. Nilimpungia mkono, akajificha. Na nyuma yangu Mama Bwambale, ambaye hata majonzi hayakumzuia kukumbuka haja yake, akaniambia nisisahau foto. Ile safi, akasema, isiyokuwa na mistari.

Njia nzima kurudi Kasese nilikuwa na karatasi ile tumboni, chini ya blauzi, isione jua.

Nilipofika nilijaribu jambo moja la kijinga. Niliipiga picha kwa simu, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaomba programu inirudishie rangi zake. Ilinipa mwanamke wa waridi, mgeni kabisa, tabasamu la mtu wa matangazo ya sabuni. Nikaelewa. Kile ambacho hakikudondoka kwenye karatasi asubuhi ile hakipo popote, na mashine inafanya ileile kazi ya Baluku, inajaza pengo kwa chochote kilicho karibu. Nimechoka na makisio.

Basi nikafungua ile nyingine, ile safi. Sikuwa nimeifungua tangu mazishi.

Ni picha nzuri, sitadanganya. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa. Mwanga umekaa vizuri kwenye mashavu, gomesi inang'aa, nami nacheka kwa sababu Masika, nyuma ya kamera, alikuwa ameniambia nifunge domo, mwalimu gani anaonyesha ufizi. Macho yangu hayaangalii kamera, yako juu yake kidogo. Namtazama yeye. Katika ile fremu yote ya uongo, jambo la kweli lilikuwa hilo moja, kwamba mtu aliye pichani anamwona Masika, akiwa hai, anafanya mzaha. Ndicho walichokitundika ukutani bila kujua, na ndicho ambacho kwa miaka yote hii kimenizuia kuifuta.

Nikiichapisha tena, kwa wino mzuri, Joy ataolewa akiniamini mimi kuwa mama yake, na watoto wake wataonyeshwa uso wangu. Nitakufa mara ya pili, na Masika hatakuwa amezaliwa.

Nimeifuta kwenye simu. Nimeifuta kwenye flashi. Ilipofika zamu ya kompyuta, iliniuliza kama nina uhakika.

Iliniuliza. Baluku hakuniuliza, Mama Bwambale hakuniuliza, hakuna hata mmoja wa ukoo ule aliyeniuliza. Kompyuta hii mbovu, iliyokwisha herufi kwenye vibonyezo, ndiyo iliyoona ni adabu kuuliza kabla ya kuondoka na uso wa mtu.

Nikajibu ndiyo.

Karatasi ya kijani nimeilaza chini kabisa ya sanduku la nguo, gizani, ili dada yangu asiishe. Ile ya ukutani naiachia jua. Kesho Mama Bwambale atapiga simu na nitamwambia haipo, na safari hii nitakuwa nasema kweli. Siku fremu itakapobaki nyeupe Joy atataka kujua nani alikuwa mle, nami nitakuwa hapa na karatasi yenye mwanya wa mama yake.

Au atakuwa ameshazoea ukuta mtupu, na leo nimemzikia mama wa pili kwa mikono yangu mwenyewe?